Hesabu za Februari

Mweka hazina Gathungu, salamu kutoka Aberdare.
Ndiyo, Aberdare. Jina nililolikuta shuleni
limebandikwa juu ya milima yetu ya Nyandarua,
nikadhani ni letu. Kumbe lilitoka huku,
bonde la Wales lenye mvua, migodi iliyofungwa
na makanisa mengi kuliko waumini.
Letu limechongwa EBENEZA juu ya mlango.
Herufi ya mwisho imemezwa na kuvumwani.

Umeuliza hesabu. Nitakupa bila kupaka rangi.
Fedha za yale magunia ya viazi mliyouza Njabini
tulizipokea. Shilingi zilivuka bahari
zikafika zimekonda, kama mgeni aliyetapika njia nzima.
Zikalipa paa. Robo ya paa.

Tarehe kumi na nne, Jumamosi, tulibaki na
pauni kumi na moja na peni sitini,
maharagwe vikombe sita, vitunguu viwili vilivyochipua,
na mita ya gesi
(huku gesi huwekwa kwa kadi, kama vocha ya simu)
ikisoma peni themanini.
Jumamosi iliyotangulia walikula watu arobaini na watatu.

Nilichukua karatasi nikaandika: LEO HATUPIKI.
Nikatafuta gundi.
Hili naomba liingie kwenye kumbukumbu za kamati:
mtu mliyemwekea mikono, mkamchangia koti,
mkamlilia uwanja wa ndege,
alikuwa anatafuta gundi.

Njambi hakunihubiria. Alikuwa ameshaloweka
vikombe vyote sita tangu usiku.
"Yakishalowa hayarudi kuwa makavu," alisema. "Washa jiko."

Nikawasha. Nikaomba kama mtu anayedai deni:
Bwana, nabii Wako ulimtumia kunguru kijitoni.
Mimi nina dirisha. Naangalia.
Niliangalia mpaka shingo ikauma.
Mvua. Basi la saa tano. Mvua.

Saa sita kasoro, sufuria haijachemka sawasawa,
moto ukafifia, ukawa ukingo wa buluu,
ukazima.

Watu wakaingia hivyo hivyo.
Glenys, mjane wa mchimba makaa, alileta maziwa lita mbili
akidai aliyanunua kwa makosa.
Dilwyn akashusha liki kutoka bustanini mwake
(mboga ndefu, binamu wa kitunguu),
bado zina matope, nyingi kama kuni.
Nikashukuru kwa mdomo. Moyoni nikauliza: kwa moto upi?

Sasa, yuko kijana anaitwa Rhys.
Miezi mitatu alikula kwetu bila neno,
kofia ya koti jeusi imemshukia hadi puani.
Kwenye orodha yangu ya wahitaji ni namba saba.
Akainuka, akachomoa kadi ya gesi kwenye mita
bila ruhusa, akatoka nayo mvuani.
Nikasema, haya, hata kadi imekwenda.

Alirudi amelowa chapachapa, koti limemganda mgongoni
kama manyoya.
Akairudisha kadi. Mita ikasoma ishirini na kitu.
Sikumuuliza alikozitoa. Alikwenda kukaa pale pale,
meza ya tatu kutoka dirishani,
upande ambao shingo yangu haikuwahi kugeukia.

Tulikula saa nane. Maharagwe ya kuhesabu, liki tele,
supu nyepesi, ungeweza kusomea gazeti chini yake.
Sidai kwamba iliongezeka. Niliusikia mwiko ukikwaruza sufuria.
Watu hamsini na mmoja, wa mwisho mimi:
nilipata mchuzi na kipande cha mkate,
nyingine nikashibia aibu.

Basi, Gathungu, hapa ndipo kitabu kinanishinda.
Ipo safu ya sadaka, ipo safu ya michango ya nyumbani,
ipo ya wahitaji. Namba saba nimeifuta mara mbili.
Paa bado linavuja. Jumatatu mita itadai tena,
na Njambi ananiuliza aloweke vikombe vingapi
vya maharagwe ambayo hatujanunua.

Kwenye mapato ya tarehe kumi na nne,
kamati isinikemee, nimeandika:
Kunguru, pauni ishirini.